Deni la Bodi ya Mikopo na jina lililochafuka: mwongozo kamili wa kujinasua, kwa watu wa Tanga

Mimi ni mweka hazina wa chama kidogo cha akiba na mikopo hapa Tanga mjini. Mwezi uliopita wamenijia watu watatu: mwalimu wa Makorora, fundi wa friji wa Mabawa na dada anayeuza samaki pale Deep Sea. Kila mmoja na maisha yake, ila wote wamekwama palepale. Walisoma kwa mkopo wa Serikali, wakakopa kwingine kuziba pengo, wakashindwa kulipa, na walipokwenda benki wakaambiwa jina lao si safi.

Wote watatu walianza kwa kutafuta mkopo mpya, na hapo ndipo watu wengi wanapoangukia. Kabla hujajua unadaiwa na nani na kiasi gani, mkopo mpya unaongeza mdai mmoja tu kwenye foleni. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka moja, utarudi kuianza baadaye ukiwa umeshatumia hela zaidi.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Kitambulisho cha NIDA, au namba yake kama kadi haijatoka.
- Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, pamoja na mwaka. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inakutafuta kwa namba hiyo.
- Hati za mshahara za miezi 6 iliyopita, kama umeajiriwa.
- Taarifa ya akaunti ya benki na ya miamala ya simu, ya miezi 6 pia.
- Kila mkataba wa mkopo uliowahi kusaini, hata ule uliokunjwakunjwa na kusahauliwa kabatini.
- Daftari moja la kaunta na bahasha kubwa ya kaki.

Angalia pia majina yako. Kama cheti cha shule kimeandikwa Mwanaidi na NIDA ikaandika Mwanaid, nenda kwa wakili ukapate hati ya kiapo ya majina sasa hivi. Tofauti ya herufi moja inatosha kufanya malipo yako yasionekane, au deni la mtu mwingine likakuangukia wewe.

## Hatua ya 1: Andika kila deni kwenye ukurasa mmoja

Chora safu tano: jina la anayekudai, kiasi ulichochukua, kiasi kilichobaki, riba kwa mwezi, na tarehe ya mwisho uliyolipa.

Yule mwalimu alikuja na mfuko wa rambo. Akaumwaga mkekani, zikatoka risiti zilizofifia wino, bahasha za benki ambazo hazijafunguliwa, na karatasi ya daftari la shule yenye saini na dole gumba. Kabla hatujaanza aliniambia, "Kaka, deni langu halizidi milioni tatu." Tukahesabu pamoja: benki 2,800,000, taasisi ya mikopo 650,000, mkopeshaji wa mtaani 540,000, mkopo wa simu 85,000, na duka la Mpemba 120,000. Jumla 4,195,000, na hapo deni la Bodi bado hatujaligusa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema tuhesabu tena. Tukahesabu mara ya pili, jumla ikawa ileile.

Andika na mikopo uliyowadhamini wenzako. Mwenye deni akikimbia, mdhamini ndiye anayefuatwa.

Umefanikiwa ukiwa na jumla moja isiyobadilika ukiihesabu mara mbili.

## Hatua ya 2: Omba taarifa ya deni lako kwa Bodi

Ingia kwenye mfumo wa Bodi mtandaoni, au wasiliana nao moja kwa moja, uombe taarifa kamili ya deni. Usikubali mtu wa steshenari akusomee jumla tu kwenye kompyuta yake. Unahitaji karatasi inayoonyesha mkopo wenyewe wa kila mwaka wa masomo, ada ya uendeshaji ya asilimia 1, na kila malipo yaliyopokelewa pamoja na tarehe yake.

Wengi wanaikimbia hatua hii kwa hofu ya habari za zamani. Kweli, zamani kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na adhabu ya asilimia 10 kwa anayechelewa. Zote mbili zilifutwa mwaka 2021. Ukiona taarifa yako inaongeza tozo hizo kwa miezi ya baada ya hapo, andika barua uulize.

Sasa chukua hati zako za mshahara, ulinganishe mwezi kwa mwezi na malipo yaliyo kwenye taarifa. Mwajiri anatakiwa kuijulisha Bodi ndani ya siku 28 tangu amwajiri mhitimu, na makato ya mwezi anatakiwa kuyafikisha ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Wapo waajiri wanaokata na hawafikishi. Ukikuta mwezi uliokatwa lakini Bodi hawauoni, utoe kivuli, uambatanishe na barua kwa mwajiri, na nakala uipeleke Bodi. Barua hiyo ndiyo itakayokutetea siku utakapoitwa mdaiwa sugu ilhali ulikuwa unakatwa.

Tahadhari: fedha ya Bodi hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu. Inalipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, ile tunayoiita kontroo namba, benki au kwa simu kupitia menyu ya malipo ya Serikali. Kabla hujaweka namba ya siri, soma jina la mpokeaji linalotokea. Kama si la Bodi, acha.

## Hatua ya 3: Uliyeajiriwa, hesabu theluthi yako kabla benki haijakuhesabia

Sheria inamtaka mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mnufaika. Ilikuwa asilimia 8 hadi mabadiliko ya mwaka 2016. Kwa mtumishi wa umma kuna na kanuni ya theluthi: baada ya makato yote, usibaki chini ya theluthi moja ya mshahara wako wa msingi.

Tuchukue mtumishi wa mshahara wa msingi wa 720,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii asilimia 5, 36,000. Bima ya afya asilimia 3, 21,600. Kodi ya mshahara 52,800. Bodi asilimia 15, 108,000. Ada ya chama cha wafanyakazi asilimia 2, 14,400. Jumla ya makato ni 232,800, anabaki na 487,200. Theluthi yake ni 240,000. Kwa hiyo nafasi yake ya rejesho la benki, kwa kiwango cha juu kabisa, ni 247,200.

Sasa fikiria mtu huyohuyo ameajiriwa mwezi wa kwanza, makato ya Bodi bado hayajaanza. Benki inaona nafasi ya 355,200. Anachukua mkopo wa rejesho la 340,000, anapiga bati nyumba ya mama yake Pongwe. Miezi michache mbele Bodi wanaanza kukata 108,000. Hapo mshahara hautoshi, rejesho linakatika nusunusu, na kufumba na kufumbua mkopo wa benki umechelewa. Nimeliona jambo hili kwa walimu wapya mara nyingi kuliko jambo jingine lolote kwenye mwongozo huu. Ukiajiriwa leo, jikate mwenyewe ile asilimia 15 kichwani hata kama hati ya mshahara haijaionyesha.

Wala hiyo 247,200 usiimalize yote. Theluthi ni ukomo wa sheria. Nazi, sembe, LUKU na nauli ya bajaji havimo kwenye hesabu ile.

## Hatua ya 4: Uliyejiajiri, usisubiri kutafutwa

Fundi na muuza samaki hawana mwajiri wa kuwakata, basi wengi huona deni limewasahau. Halijawasahau. Kwa aliyejiajiri Bodi huangalia asilimia 10 ya kipato cha mwezi, na kiwango cha chini kilichowekwa ni 100,000 kwa mwezi.

Kama biashara haikufikishi hapo, usinyamaze. Andika barua, eleza kipato chako, ambatanisha taarifa ya miamala ya simu, pendekeza kiasi unachokiweza, na omba kontroo namba uanze kulipa. Yule dada wa Deep Sea ana msimu: kusi ikivuma samaki wanaadimika na mtaji unalala. Tulimwandikia barua tukiitaja hali hiyo wazi, na miezi yake mizuri na mibaya tukaionyesha kwa miamala.

Kumbuka pia kuna mtu aliyekudhamini. Mara nyingi ni mama, baba mdogo au mjomba, aliyetia saini fomu yako bila kuisoma kwa sababu alikuamini. Ukipotea, barua zitamfuata yeye.

## Hatua ya 5: Panga nani alipwe nini

Hapa nina msimamo wangu, na nitausema bila kificho.

Lipa Bodi kile unachotakiwa kulipa kila mwezi, usikiruke, na kwa sasa usizidishe. Deni lile haliongezeki tena kwa ile tozo ya asilimia 6. Mwenye deni la 6,480,000 anayekatwa 108,000 kwa mwezi atamaliza kwa miezi 60, na mwezi wa 60 unajulikana tangu leo. Kila shilingi ya ziada utakayoipata, ielekeze kwenye deni lenye riba kali kuliko yote.

Tanga nzima inajua jina lake: kausha damu. Ukichukua 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, riba peke yake ni 90,000, na mtaji, yaani hela yenyewe uliyokopa, hujaugusa. Kwa wakopeshaji wenye leseni wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 300,000 hiyohiyo ni 10,500. Tofauti ya 79,500 kila mwezi ndiyo chakula cha watoto wako kinachokwenda kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: Bodi kiasi chake cha sheria, benki rejesho lake lisikatike, kisha ziada yote kwa kausha damu hadi aishe, kisha mkopo wa simu, kisha duka. Mpemba wa dukani mwendee mwenyewe umweleze. Anakujua, na ukimpelekea hata 10,000 kila wiki atakuvumilia kuliko ukipita upande wa pili wa barabara kumkwepa.

Tahadhari: usimwachie mkopeshaji kadi yako ya benki na namba ya siri. Na kama ulikopa kwenye programu ya simu, hakikisha mkopeshaji ana leseni. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Anayekupigia simu na kutuma picha yako kwa ndugu zako, hifadhi jumbe zake zote, ukaripoti.

## Hatua ya 6: Nenda kwa anayekudai kabla hajaja kwako

Ndani ya siku 90 za kuchelewa, benki bado ina nafasi kubwa ya kukupangia upya mkopo. Zikipita hizo, mkopo unaingia kwenye kundi la mikopo chechefu, yaani ile isiyolipika, na mazungumzo yanakuwa magumu.

Nenda asubuhi, omba kuonana na afisa mikopo, na ubebe barua ya ukurasa mmoja. Sema mambo matatu tu: kilichotokea, unachoweza kulipa kwa mwezi, na unachoomba. Unaweza kuomba muda uongezwe ili rejesho lipungue, au adhabu za kuchelewa zifutwe ukimaliza mtaji. Ukiwa umeshafanya hesabu ya Hatua ya 3, utataja kiasi ambacho kweli utakiweza. Usiahidi 200,000 kwa aibu ilhali una 90,000. Ahadi ya pili ikivunjika, hakuna atakayekusikiliza ya tatu.

Makubaliano ya mdomo hayana kazi. Toka na karatasi yenye muhuri. Hayo ndiyo mafanikio ya hatua hii.

Usiposikilizwa, andika malalamiko rasmi kwa taasisi yenyewe kwanza, subiri majibu, na usiporidhika upeleke Benki Kuu pamoja na nakala ya barua ya awali. Ukianza Benki Kuu moja kwa moja utarudishwa ulikotoka.

## Hatua ya 7: Elewa kufilisika ni nini kabla hujalitaja

Mtaani tukisema fulani kafilisika tuna maana ameishiwa. Kisheria ni jambo jingine: ni amri inayotolewa na mahakama chini ya Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wanahusika katika kusimamia mali. Mali zako zinatoka mikononi mwako kwa ajili ya wanaokudai. Huruhusiwi kukopa bila kueleza hali yako, na huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama. Kutangazwa mufilisi na kuachiliwa na mahakama ni vitu viwili, na kati yake kunaweza kupita muda mrefu.

Vijana wengi hunitumia video za Marekani zinazosema kufilisika hukaa kwenye rekodi miaka 7 au 10 kisha mtu anaanza upya. Hiyo ni sheria ya kwao. Na hata huko kwao, mkopo wa masomo haufutiki hivihivi kwa kufilisika. Mtu inabidi aithibitishie mahakama kwamba kuulipa kungemtia kwenye dhiki iliyopita kiasi. Usiache kulipa Bodi ukitegemea njia hiyo.

Kama umeshapelekwa mahakamani na hukumu ipo, usikimbie wito. Mdaiwa wa hukumu anaweza kukamatwa na kuwekwa kifungo cha madai. Upande wa pili, sheria ya mwenendo wa madai inalinda baadhi ya vitu visikamatwe: nguo, matandiko, vyombo vya kupikia, na vifaa vya kazi vya fundi. Yule fundi wa Mabawa hakujua kwamba zana zake zimo kwenye ulinzi huo, alikuwa ameshaanza kuziuza. Kwa deni kubwa lenye kesi, muone wakili au shirika la msaada wa kisheria kabla hujasaini chochote.

## Hatua ya 8: Omba ripoti yako ya mikopo, uisome mstari kwa mstari

Benki na wakopeshaji wenye leseni hupeleka taarifa zako kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na taasisi za taarifa za mikopo zenye leseni, kama Creditinfo Tanzania, hutoa ripoti. Mikopo ya Bodi nayo huingia humo. Hapo ndipo neno "jina chafu" linapotoka.

Omba ripoti yako mwenyewe kwa kitambulisho cha NIDA. Ukiipata, keti na lile daftari la Hatua ya 1. Kila mkopo uangalie kiasi kilichobaki, siku za kuchelewa, na kama umeandikwa wazi au umefungwa.

Miaka kadhaa nyuma mimi mwenyewe nilinyimwa mkopo wa kununua mashine ya kukuna nazi. Nilimaliza mkopo wangu wa zamani, na risiti ya mwisho ninayo, lakini ripoti ilionyesha ninadaiwa 41,000 na nimechelewa zaidi ya mwaka. Ilikuwa ada iliyobaki kwenye akaunti bila mtu kuniambia. Ilinichukua barua tatu na safari nyingi kati ya nyumbani na tawi lile hadi mstari ule ukarekebishwa. Tangu hapo siamini neno "umemaliza" lisiloandikwa.

Ukikuta kosa, andika barua mbili siku moja: moja kwa mkopeshaji aliyepeleka taarifa, nyingine kwa taasisi iliyotoa ripoti. Ambatanisha risiti. Pata saini ya mapokezi kwenye nakala yako. Ukikuta deni ni kweli, hakuna wa kukusafishia. Anayekuja na ahadi ya kufuta jina kwa 150,000 ni tapeli, hata akiwa na ofisi Barabara ya Nane.

Subiri, kisha omba ripoti mpya. Mafanikio ni ripoti ya pili yenye mstari uliobadilika.

## Hatua ya 9: Jenga rekodi mpya, kidogokidogo

Miezi sita ya kwanza usikope kabisa. Weka akiba, hata 5,000 kwa wiki, kwenye akaunti yenye jina lako, tarehe ileile kila mara.

Baada ya hapo, jiunge na SACCOS yenye leseni na uchukue mkopo mdogo kuliko akiba yako, wa miezi mitatu au minne, ulipe siku mbili kabla ya tarehe. Kikoba cha mtaani ni kizuri kwa nidhamu na kwa kusaidiana, lakini mara nyingi malipo yake hayaonekani na benki, basi usikitegemee peke yake.

Kwa biashara, ulizia dirisha la mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Chagua wenzako wa kikundi kwa makini sana, mmoja akitoroka na sehemu yake mnabaki nyinyi.

## Hatua ya 10: Funga kila deni kwa barua

Kila deni linapokwisha, omba barua ya kuthibitisha umelimaliza, iingie kwenye ile bahasha ya kaki. Kwa Bodi, anza kufuatilia miezi mitatu kabla ya rejesho la mwisho. Omba taarifa mpya, hesabu salio mwenyewe, na mjulishe afisa utumishi wako kwa maandishi tarehe makato yanapotakiwa kusimama.

Mwezi unaofuata fungua hati ya mshahara uangalie mstari wa Bodi. Ukiwa bado upo, chukua barua ya kumaliza deni pamoja na hati hiyo, upeleke nakala kwa mwajiri na kwa Bodi siku hiyohiyo, na uombe kwa maandishi kilichokatwa zaidi kirudishwe.